Waranti Mlangoni Makadara: Nani Huipima, na Lini?

Katika kesi za jinai zinazosikizwa Mahakama ya Makadara, pale Jogoo Road, Nairobi, upekuzi wa nyumba mara nyingi humalizwa kwa sentensi moja ya taarifa ya polisi: tuliingia, tukapekua, tukapata. Baada ya hapo macho yote huelekea kwenye kielelezo. Misokoto ya bangi imehesabiwa, mtungi wa chang'aa umebandikwa karatasi, simu imeandikwa namba zake. Nani alimruhusu afisa kuvuka kizingiti, saa ngapi, akitafuta kitu gani, hayo hupita kimya. Mshtakiwa asiye na wakili hajui kwamba ana haki ya kuyauliza, na mwendesha mashtaka hana haja ya kumkumbusha.

Sheria ya Kenya ina mengi ya kusema kuhusu kizingiti hicho. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake, vitu vyake visitwaliwe, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Haki hii si ya mwenye nyumba peke yake. Mpangaji wa chumba kimoja Jericho au Ofafa Maringo, na hata aliyejisitiri ndani ya mabati kule Viwandani, anayo sawa na mwenye jumba la Karen. Inaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika chini ya Ibara ya 24.

Sheria inayoipunguza ni kongwe kuliko Katiba yenyewe. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu kutoa waranti ya upekuzi pale inapothibitishwa kwa kiapo kwamba kitu kilichohusika na kosa, au kinachohitajika katika uchunguzi, kipo au kinashukiwa kwa sababu za maana kuwa mahali fulani. Kila neno hapo lina uzito wake. Kiapo maana yake afisa anajifunga kwa ukweli na anaweza kushtakiwa akidanganya. Kuthibitisha ni zaidi ya kudai. Na mahali fulani ni mahali panapoweza kutambuliwa, si mtaa mzima.

Kifungu cha 119 kinaongeza sharti ambalo wakazi wengi wa Eastlands hawajawahi kuambiwa. Waranti inaweza kutolewa na kutekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, ila itekelezwe kati ya mawio na machweo, isipokuwa hakimu ameandika ndani ya waranti hiyo kwamba inaweza kutekelezwa saa yoyote. Kwa hiyo polisi wakibisha mlango Kaloleni saa tisa usiku wakiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na hakimu, karatasi yenyewe haitoshi. Lazima iwe na ruhusa ya usiku. Kifungu cha 120 nacho kinamtaka aliye ndani afungue, na mlango hauvunjwi mpaka afisa ajitambulishe, aseme shughuli iliyomleta, aombe kuingia na akataliwe. Na mwanamke akilazimika kupekuliwa mwili, kifungu cha 27 kinasema atapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima yake.

Lakini upekuzi mwingi mitaani haufanywi kwa waranti yoyote. Unafanywa kwa msako, na msako una sheria yake. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu mkuu wa kituo au afisa mpelelezi kuingia bila waranti akiamini, kwa sababu za maana, kwamba kitu kilichotumika katika kosa kipo mahali na kwamba kungoja waranti kutaharibu uchunguzi. Wengi huishia hapo wanapokisoma, na maafisa wengi pia. Kinachofuata ndicho muhimu. Kabla ya kuingia, afisa anatakiwa kuandika sababu za imani yake na maelezo ya kitu anachokitafuta. Anatakiwa kujitambulisha, kuandika alichofanya, kuorodhesha alichochukua, na kumpa mkubwa wake ripoti. Na kanuni za vifungu vya 119 hadi 121, pamoja na ile ya mawio na machweo, zinaendelea kutumika hata pasipo waranti.

Kwa hiyo, chini ya vifungu hivi, hakuna upekuzi halali usioacha maandishi. Ukiwa wa waranti, kuna hati ya kiapo na kuna waranti. Ukiwa wa dharura, kuna maandishi yaliyotangulia kuingia. Hoja yangu katika makala haya imejengwa juu ya jambo hilo moja: swali la uhalali wa upekuzi lingeweza kujibiwa Makadara kwenyewe, mbele ya hakimu wa kawaida, kwa kudai maandishi hayo. Badala yake limeachwa liwe shughuli ya mahakama za Milimani, ya wenye mawakili wakubwa, na huko Jogoo Road tumeendelea kuishi chini ya kivuli cha hukumu ya enzi ya ukoloni.

Hukumu hiyo ni ya Kuruma. Wakati wa Hali ya Hatari, Kuruma mwana wa Kaniu alikuwa akisafiri kwa baiskeli aliposimamishwa kwenye kizuizi cha polisi na kupekuliwa. Kanuni za wakati huo ziliruhusu upekuzi wa namna hiyo ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Waliompekua hawakufikia cheo hicho. Polisi walidai wamempata na risasi mbili na kisu kidogo cha kukunja. Kisu hicho, ambacho kingekuwa uthibitisho wa mambo mengi, hakikuletwa mahakamani. Kumiliki risasi kulikuwa kosa la kifo, na kifo ndicho alichohukumiwa. Rufaa yake ilifika Baraza la Faragha London, na Desemba 1954 Lord Goddard akatoa jibu lililoenea katika makoloni yote: ushahidi ukihusiana na kesi unakubalika, na mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili 1954, Jenerali Erskine alikuwa ameanzisha Operesheni Anvil. Askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, wakaingia mitaa ya Waafrika ya mashariki, Bahati na Kaloleni ikiwemo, nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Hakuna hakimu aliyeulizwa kuhusu mlango wowote. Majina ya mitaa iliyojengwa miaka hiyo yanabeba vurugu za wakati huo: Mbotela kwa Tom Mbotela, aliyeuawa 1952, Ofafa kwa diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Watu wa Makadara wanaishi ndani ya mitaa ambamo msako uliitangulia sheria, kisha sheria ikaja kuuhalalisha.

Uingereza yenyewe ilikuwa na urithi mwingine ambao haikuuleta huku. Mwaka 1762 wajumbe wa mfalme waliingia nyumbani kwa mwandishi John Entick, wakavunja makabati na kubeba karatasi zake kwa waranti ya waziri, Earl wa Halifax. Entick akashtaki, na mwaka 1765 Lord Camden akaamua kwamba waranti hiyo haikuwa na msingi wowote wa sheria, kwa hiyo walioingia walikuwa wavamizi tu. Mwandishi wa London alilindwa karibu karne mbili kabla ya mwendesha baiskeli wa Kenya kunyimwa ulinzi huo.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuufunga ukurasa wa Kuruma. Ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote ya msingi utatupwa ikiwa kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri vibaya utoaji haki. Tazama lakini hiyo ikiwa. Katiba haikusema ushahidi wote wa namna hiyo utupwe. Imemwachia hakimu mizani, na mazoea ya miaka hamsini hayafutwi kwa ibara moja. Hakimu anapoona gramu za bangi mezani na mshtakiwa aliyeshindwa kueleza zilivyofika chumbani mwake, ni rahisi kusema kwamba kukosekana kwa waranti hakukumwonea. Sababu ya namna hiyo ni ya Kuruma, ingawa jina lake halitajwi.

Marekani ilichukua njia kali zaidi. Mwaka 1957 polisi wa Cleveland walivunja mlango wa Dollree Mapp. Alipodai waranti, wakampungia karatasi ambayo baadaye haikuonekana tena mahakamani. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ushahidi wa upekuzi usio halali hauna nafasi katika mahakama za majimbo. Sidhani Kenya inahitaji kanuni kali kiasi hicho, maana kuna nyumba Eastlands ambako bastola imefichwa kweli na jirani anangoja kuuawa nayo. Inachohitaji ni hakimu anayeuliza swali la maandishi kabla ya kuuliza swali la bangi.

Tukiangalia kesi ambazo wapekuliwa wameshinda tangu Katiba mpya, mpangilio wao unajieleza. Mwaka 2012 kampuni ya Samura Engineering na wenzake waliishinda Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliyoingia maofisini mwao na kubeba nyaraka bila waranti ikitegemea Sheria ya VAT. Jaji David Majanja, ambaye alifariki 2024, aliwaambia wakusanya ushuru kwamba sheria za zamani lazima zisomwe kwa jicho la Ibara ya 31, na kwamba idara ya serikali haiwezi kujipa waranti yenyewe.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa gazeti la Standard. Usiku mmoja wa Machi 2006 maafisa waliojifunika nyuso walivamia ofisi zake katikati ya jiji na mtambo wake wa uchapishaji wa Likoni Road, eneo la viwanda linalopakana na mitaa tunayoizungumzia, wakachoma magazeti na kubeba mitambo. Jaji Mumbi Ngugi aliipa kampuni haki yake, miaka saba baada ya tukio.

Kisha wakili Miguna Miguna. Februari 2018 polisi walilipua na kuvunja mlango wa nyumba yake Runda. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita alimpa fidia ya shilingi milioni 7, akaongeza 270,000 kwa uharibifu wa nyumba. Hiyo 270,000 naiona ya maana kuliko ile milioni 7. Mahakama ilikubali kwamba mlango wa mtu una bei, na kwamba serikali ikiuvunja bila haki italipa. Fikiria ni milango mingapi ya mbao na mabati imevunjwa Mukuru bila mtu kulipwa hata bei ya komeo.

Kesi iliyoingia ndani zaidi katika waranti yenyewe ni ya Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, aliyekamatwa Agosti 2018. Wapelelezi walikuwa na amri ya mahakama ya kuchunguza akaunti za benki, lakini akaunti walizoruhusiwa si zake. Walitumia amri hiyo kupata taarifa za akaunti yake katika Imperial Bank, kisha wakajenga mashtaka juu yake. Majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua Mei 2019 kwamba ushahidi huo ulipatikana kwa kuvunja faragha yake, wakautupa kwa Ibara ya 50(4) na kuyasimamisha mashtaka. Hukumu hiyo inasema jambo ambalo kila mpangaji angepaswa kulijua: waranti ni ruhusa ya kitu kilichotajwa, na anayeitumia kwa kisichotajwa hana ruhusa.

Upande wa pili wa mizani kuna kesi ya wakili Tom Ojienda, sasa seneta wa Kisumu. Mwaka 2015 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ilipata waranti katika mahakama ya Kibera ya kukagua akaunti ya ofisi yake ya uwakili bila kumwarifu. Alishinda Mahakama Kuu, akashinda Mahakama ya Rufaa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikageuza yote mawili: chombo kinachotumia madaraka ya polisi chini ya kifungu cha 118 hakilazimiki kumpa mchunguzwa taarifa kabla ya kuomba waranti. Kifungu cha 118A pia kinasema ombi la waranti husikizwa kwa upande mmoja.

Naikubali hukumu hiyo kwa shingo upande. Ni kweli, mwizi akiarifiwa leo kwamba kesho atapekuliwa, kesho hakuna kitu. Lakini ukishaondoa sauti ya mpekuliwa katika chumba cha hakimu, umemwachia hakimu kazi ya watu wawili. Hakuna mwingine wa kuuliza: mtoa habari wako ni nani kwako, umemjuaje, kwa nini nyumba hii na si ya jirani, kwa nini usiku? Hakimu akitia sahihi kwa kusoma kichwa cha ombi tu, basi mashine nzima ya kifungu cha 118 imekuwa muhuri.

Hapo ndipo jiografia ya Makadara inapoingia. Sheria inadai mahali patambulike. Nyumba za baraza la jiji, sasa za kaunti, zina namba zake, na mtu anaweza kuandika mtaa, jengo na mlango. Lakini nyuma ya nyumba hizo kumejengwa vibanda, na chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia kati ya familia na wapangaji wao. Katika ploti ya vyumba ishirini, waranti inayotaja ploti nzima imefungua milango ishirini kwa shuku ya mtu mmoja. Kule Viwandani, ambako nyumba za mabati hazina anwani, afisa huongozwa na kidole cha mtoa habari. Na mara nyingi anayefungua mlango si mshukiwa. Ni mwenye ploti au kijana anayekusanya kodi, akiombwa ufunguo naye akautoa kwa hofu. Ridhaa ya mwenye ploti si ridhaa ya mpangaji. Faragha ni ya anayelala humo.

Simu ndiyo chumba kingine. Siku hizi sanse, yaani polisi wa kiraia, wakimpekua kijana, kitu cha kwanza kinachochukuliwa ni simu, na kinachofuata ni kuambiwa aifungue. Waranti ya kutafuta mali ya wizi ndani ya nyumba haimruhusu mtu kusoma WhatsApp wala ujumbe wa M-Pesa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inawataka wapelelezi wapate waranti ya mahakama ili kupekua data iliyohifadhiwa. Hata hivyo, simu hufunguliwa palepale mtaani, na mwenye simu akikataa anakuwa na la kujibu. Kesi ya Mwilu inamlinda kijana huyo sawasawa na ilivyomlinda naibu jaji mkuu, kwa sababu kanuni ni ileile: data isiyotajwa haikuruhusiwa.

Tofauti ya nani anaweza kupinga hujitokeza papo hapo, kabla hata ya mahakama. Julai 2023, maafisa waliovaa kiraia walipofika katika nyumba ya mtoto wa Rais mstaafu Uhuru Kenyatta huko Karen, Rais mstaafu mwenyewe alikuja kuwahoji, na kamera zikawa zimewahi. Alichofanya ni haki ya mzazi yeyote. Mzazi wa Makongeni akijaribu kuhoji hivyo, ataambiwa anazuia polisi kufanya kazi.

Njia za kupinga, kisheria, zipo zaidi ya moja. Mtu anaweza kurudi kwa hakimu aliyetoa waranti na kumwonyesha kwamba alipewa habari za uongo. Anaweza kuiomba Mahakama Kuu ikague mwenendo huo chini ya kifungu cha 362, au afungue ombi la kikatiba kwa Ibara ya 22 na kudai fidia. Anaweza kulalamika kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kuhusu mwenendo wa maafisa. Mlalamikaji wa Eastlands hukwama katika karibu zote. Ombi la kikatiba linataka wakili na miezi, pengine miaka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliahidi mawakili kwa wasiojiweza, lakini katika korido za Jogoo Road wengi bado husimama kizimbani peke yao. Na waranti yenyewe mshtakiwa haachiwi nakala, basi atapinga nini?

Iliyobaki ndiyo ninayoitetea: kupinga ndani ya kesi yenyewe, wakati shahidi wa polisi yuko kizimbani. Maswali ni machache na hayahitaji wakili. Waranti iko wapi? Imeandikwa nyumba gani? Inaruhusu usiku? Kama hakukuwa na waranti, maandishi ya kifungu cha 60 yako wapi, na yaliandikwa saa ngapi ukilinganisha na kitabu cha matukio cha kituo, OB? Orodha ya vitu ilisainiwa na nani? Pale ambapo mshtakiwa hana wakili, hakimu mwenyewe anaweza kuyauliza, kwa sababu Ibara ya 50(4) haimsubiri mtu aiombe.

Ndugu zetu Tanzania wako mbele kidogo kwa hili. Sheria yao ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka risiti ya vitu vilivyochukuliwa, yenye sahihi ya mwenye nyumba na mashahidi, na Mahakama ya Rufaa ya huko imefuta ushahidi katika kesi ambazo upekuzi haukuwa na hati wala dharura ya kweli. Haikuwa kwa kuwapenda wauza dawa za kulevya. Ni kwa sababu karatasi hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kama kete zilitoka kabatini au zilitoka mfukoni mwa afisa. Anayeishi Makadara anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Kubambikiwa ni neno la kila siku hapa, na mtu aliyebambikiwa hana kinga nyingine isipokuwa utaratibu.

Polisi watasema kwamba kazi yao mitaani ni ya haraka na ya hatari, na wana haki ya kusema hivyo. Maafisa wameuawa katika mitaa hii. Lakini kifungu cha 60 kiliandikwa kwa ajili ya haraka hiyohiyo. Hakimtaki afisa asubiri. Kinamtaka aandike mistari michache kabla ya kuingia. Afisa ambaye kweli alikuwa na sababu anaweza kuiandika kwenye daftari lake akiwa ndani ya gari, na asiyeweza kuiandika huenda hakuwa nayo.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyaona yanawezekana hayahitaji bunge wala sheria mpya. Mahakimu wa Makadara wanaweza kuanza kuandika, katika waranti wanazotoa, namba ya mlango, kitu kinachotafutwa, saa zinazoruhusiwa, na siku ambayo afisa atarudisha waranti pamoja na orodha ya alichochukua. Na katika kesi zinazoletwa bila waranti, wanaweza kuyataka maandishi ya kifungu cha 60 kabla kielelezo cha kwanza hakijapokewa. Yasipokuwepo, kielelezo kikae nje, na upande wa mashtaka ueleze kwa nini kiingie.